Aliyempokea Mtoto Majini

Qamishli, 14 Oktoba 1957

Kaka yangu Lahdo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi, wewe na wifi yangu Warde, na watoto waambie shangazi yao anawabusu machoni. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua haijanyesha bado. Nasikia huko Beirut bahari inaleta unyevu hadi kwenye mito ya kulalia. Jifunge kifua, maana tangu utotoni kifua chako ni mlango usiofungika.

Barua yako ya rambirambi niliipata. Ilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa juu yake, nikasema, basi angalau imekaribishwa njiani.

Uliuliza mume wangu Malke alikufa vipi. Sina mengi. Walikuwa wanapakia ngano kwenye lori, akapanda juu ya magunia kukaza kamba, kamba ikakatika. Waliomleta nyumbani walikuwa wamemfunika kwa gunia tupu. Punje za ngano zilikuwa bado kwenye nywele zake, nikazitoa moja moja kabla sijamruhusu mtu amwoshe. Mpaka leo sijui nilizitupa wapi.

Chumba tulichokaa kilikuwa cha mwenye ghala, naye amewapa wafanyakazi wengine. Sasa nakaa kwenye kijumba kilichopo uani kwa Denho seremala. Mke wake Nisane ndiye aliyenileta hapa. Nilimjua kanisani. Unajua tulivyo, sisi tuliovuka mpaka wawili tu bila ukoo: Malke alipokufa sikuwa na wa kusimama naye, nikawa nasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Amani inapotolewa madhabahuni na kupitishwa mkono kwa mkono, ilikuwa ikifika kwa wanawake wa mbele yangu, wanajipaka usoni, inaishia hapo. Hakuna aliyegeuka. Si kwa ubaya, hawakuwa na habari kwamba nipo. Jumapili moja mwanamke mwenye mimba akatoka safu yake, akaja mpaka mlangoni na tumbo lake mbele.

"Wewe," akasema, "unasubiri uletewe kwa posta? Lete mikono."

Huyo ndiye Nisane. Ana ulimi, lakini ukiwa na njaa anajua kabla yako. Mama mkwe wake, Saro, ananilalamikia kwamba nafua kwa sabuni nyingi. Wakati wa kula ananiita kama wengine.

Kaka, nisikuzungushe. Nije Beirut? Najua kushona, najua kufua, naweza kuangalia watoto wifi apumzike. Nitalala popote, hata jikoni. Hawa ni watu wema, lakini wema wa mtu baki una mwisho wake, na mtoto wao akizaliwa watakihitaji kijumba. Niandikie neno moja tu.

Dada yako,
Bahde


Beirut, 9 Desemba 1957

Mdogo wangu Bahde,

Salamu zangu zikukute umekaa karibu na moto. Sisi wazima, isipokuwa watoto wanakohoa kwa zamu, mmoja akimaliza mwingine anapokea, kama walinzi wa gereza. Kazi ya viatu inakwenda. Watu wa hapa wanavaa viatu vyembamba kama kisu, halafu wananiletea wakilia kwamba vinabana. Namwambia bibi mmoja, "Mama, mguu wako ni wa kondoo na kiatu ni cha swala." Hajarudi.

Malke nilimwombea misa. Padri alikosea jina, akamwita Malak, nikamrekebisha kwa sauti katikati ya misa. Watu waligeuka kunitazama. Wacha watazame.

Nakutumia kitambaa cheusi kizuri kwa mkono wa mtu anayekuja huko kupitia Aleppo. Kishone kwa ajili ya Krismasi.

Nyumba yetu ukuta wa nyuma unavuja. Mama yake Warde amekuja kukaa nasi, miguu yake inauma. Amelala chumba cha watoto, na watoto wamelala nasi. Ikifika majira ya kuchipua tutaona mambo yanavyokaa. Safari ya baridi si nzuri kwa mwanamke peke yake, na njia ya milimani inazibwa na theluji.

Msalimie huyo Nisane. Mwambie posta ya kwetu ni mbovu, asiitukane zaidi.

Kaka yako,
Lahdo


Qamishli, 6 Februari 1958

Kaka Lahdo,

Salamu kwenu nyote. Mungu aponye vifua vya watoto. Kitambaa kilifika, nakushukuru. Nilikishona, na nikakivaa, lakini si kwa Krismasi.

Nisane amekufa. Alijifungua mtoto wa kike siku mbili baada ya Krismasi, damu ikakataa kusimama. Daktari alikuja na mkoba wake, akatoka nao. Alikuwa na akili zake mpaka karibu na mwisho. Alisema mtoto aitwe Seyde. Halafu akamwambia mama mkwe wake, "Usimlishe Bahde mabaki, anajifanya hapendi nyama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Saro aliapa kwa machozi kwamba hajawahi kunilisha mabaki.

Denho alitengeneza jeneza mwenyewe. Alipolimaliza aliingia chini ya meza yake ya kazi akalala kwenye taka za mbao, na hakuna aliyeweza kumtoa. Nilimfunika.

Mtoto nipo naye mimi. Mikono ya Saro imekauka kwa ugonjwa wa viungo, haiwezi kumfunga nepi. Namnyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Ana nywele nyingi nyeusi na paji la uso la mzee mwenye madeni. Akishiba ananishika kidole na kukikazia macho, kama mtu anayetaka kukinunua.

Ubatizo utasubiri mpaka baada ya Pasaka, maana Kwaresima inakaribia na birika la ubatizo halifunguliwi wakati wa mfungo mkuu. Isitoshe wasimamizi wa ubatizo wa nyumba hii wako Hasaka. Ukoo ule ndio unaowabatiza watu wa ukoo huu tangu babu zake Denho, na njia yote ni tope.

Juzi tulimaliza mfungo wa Ninawi, zile siku tatu. Wasichana wa mtaa walioka mkate wa chumvi, walale na kiu wamwone ndotoni atakayewapa maji, ndiye mume. Nikakumbuka mwaka ule kijijini ulipoificha mitungi yote ili niteseke. Hukujua kwamba niliota nimefika kisimani na hapakuwa na mtu, nikateka mwenyewe, nikanywa.

Sikuulizi tena habari za Beirut. Nimeelewa kwamba nyumba imejaa.

Bahde


Beirut, 20 Machi 1958

Mdogo wangu,

Mungu ampumzishe Nisane. Sikumjua, lakini niliposoma maneno yake ya nyama na mabaki nilitoka nikasimama nje ya duka kidogo. Warde analia pia. Anakusalimu.

Usiseme umeelewa. Hujaelewa. Mimi mwenyewe sijaelewa.

Sikiliza sasa, nimefikiri sana, nikiwa na nyundo mkononi, na ndipo akili yangu hufanya kazi. Denho ana mtoto asiye na mama. Wewe huna mume wala nyumba. Mtoto amekwisha kukuzoea. Ni mtu wa kanisa, ana kazi ya mikono, hanywi, sivyo? Mwaka wa maombolezo ukiisha, kuna ubaya gani? Nimeshamwandikia. Barua yake na hii yako nimempa mtu mmoja, mfanyabiashara wa pamba, ataleta zote mbili. Nimemwandikia kiungwana, kama mwanamume kwa mwanamume, kwamba mimi kama kaka yako sina kipingamizi.

Usinikasirikie kabla hujaijua faida yake. Na niambie kweli, unamtaka au humtaka? Hilo sikumwandikia, kwa kuwa silijui.

Lahdo


Qamishli, 27 Aprili 1958

Kaka Lahdo,

Kristo amefufuka. Natumaini Pasaka yenu ilikuwa njema na wifi alioka vile vikate vya viungo na tende. Huku Saro alisimamia, mimi nikaoka, na kila kimoja akasema ni kikubwa mno. Watoto wa mtaa waliposhiba alisema alikuwa anatania.

Mfanyabiashara wako wa pamba alikaa Aleppo mpaka alipomaliza biashara zake. Barua zote mbili zilifika juma la Pasaka, zimechelewa. Nitakueleza zimechelewa nini.

Katikati ya Kwaresima Seyde alishikwa na homa. Alikuwa wa moto kama jiwe la tanuri, na mchana akaacha kulia, na hapo ndipo tulipoogopa. Denho alipanda baiskeli kumtafuta daktari aliyekuwa vijijini. Kasisi wetu naye alikuwa amekwenda kuzika mahali. Lakini kanisani alikuwa amefikia mtawa mmoja, naye ni kasisi, kutoka monasteri za ng'ambo ya mpaka, amekuja kuomba mafuta ya taa na sufu. Saro akatoka mbio, yule ambaye hawezi kutembea mpaka kisimani, akarudi naye amemshika mkono wa joho. Mtoto anayekufa hubatizwa hata katika mfungo, unajua.

Tulitumia sufuria kubwa ya shaba ile ya kupikia asali ya zabibu. Ndani ya chumba tulikuwa mtawa, Saro na mimi, basi. Saro alinyoosha mikono yake akaitazama.

"Nitamdondosha," akasema. "Bahde, mshike wewe."

Mtawa akauliza, "Nani anamjibia mtoto huyu?"

Nikasema, "Mimi."

Kaka, sikufikiri. Tangu Malke afe hakuna aliyeuliza nani ni wa nani nikawa na jibu. Nililikana giza kwa ajili yake, nikaikiri imani kwa ajili yake, na alipotolewa majini nilimpokea kwenye kitambaa, akapiga kelele, na sijasikia sauti nzuri kama ile. Homa ilishuka siku ile ile. Mtawa akala dengu zake akaenda zake. Denho alirudi na daktari amelowa matope, akakuta mtoto anaangalia dari. Alipoambiwa amebatizwa alipiga magoti. Hakuuliza nani alimshika. Alidhani ni mama yake, kama yeyote angedhani.

Na sasa ndipo barua yako.

Sina haja ya kukukumbusha desturi. Aliyempokea mtoto majini ni ndugu wa nyumba ile. Kwa baba wa mtoto yeye ni dada, kama aliyezaliwa tumbo moja naye, hawaoani mpaka mwisho wa dunia. Unakumbuka Gallo na Hazme kijijini kwetu, walivyokataliwa kwa sababu tu babu yake Gallo alimshika baba yake Hazme birikani? Wewe ndiye uliyeniambia, maji yale ni mazito kuliko damu.

Denho alikuja mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Kaka yako ameniandikia."

"Ameandika nini?"

"Kwamba Seyde anahitaji mama na wewe unahitaji mlango wako mwenyewe." Akaizungusha ile kofia. "Nami nilikuwa na maneno hayo hayo tangu siku ya homa, sikuwa na ujasiri. Usinijibu leo."

Nilikwenda jikoni kwa Saro nikamwambia, "Mama, utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Akafunga mlango. "Nimwambie nani nini?"

"Kwamba nilimpokea Seyde."

"Nilimpokea mimi."

"Mama Saro!"

"Mtawa yuko ng'ambo ya mpaka, na macho yake yalikuwa yamejaa moshi. Mimi ni bibi yake, nilimshika mimi, mikono yangu siku ile ilipona kwa muujiza. Unafikiri Mungu hana kazi nyingine ila kukumbuka nani alishika kitambaa? Mwanangu analala chini ya meza. Wewe unalala peke yako na paka. Funga mdomo wako, binti, mdomo tu, sikuombi kingine."

Halafu akaniwekea sahani ya nyama, kipande kikubwa, akasimama mpaka nilipokimaliza.

Kwa hiyo tunajua sisi wawili tu. Nikinyamaza, nina nyumba, nina mtoto, nina mahali pa kusimama kanisani na mtu wa kunizika. Nikisema, sijui nitakuwa na nini.

Uliniuliza kama namtaka. Swali hilo liache. Niambie tu nifanye nini.

Bahde


Beirut, 30 Julai 1958

Bahde,

Sijui hii itapita njia gani. Huku ni risasi tangu Mei. Mtaa wetu una magunia ya mchanga mwanzo na mwisho, na vijana niliowashonea viatu vya Pasaka wamekaa nyuma yake na bunduki, wananiuliza kutoka mbali, "Mjomba, wewe ni wa nani?" Nawaambia mimi ni wa ngozi na gundi. Duka limefungwa. Sote tu hai. Mama yake Warde anasali kwa sauti kubwa kuliko bunduki.

Barua yako ya Aprili niliipata juzi. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Nyamaza. Nakuomba kama kaka, na kama ningekuwapo ningekuamuru. Niliyosema kuhusu maji na damu niliyasema nikiwa kijana, sina mke, sina mtoto, sijaona mtu akivutwa barabarani kwa sababu ya jina la baba yake. Saro ni mwanamke mwenye akili. Ulisema "mimi" kwa ajili ya mtoto anayekufa. Unadhani Mungu atakugeuzia neno hilo liwe fimbo? Malke angekuambia hivi hivi.

Sasa nitasema nililokuwa nalizunguka. Huwezi kuja hapa. Si ukuta, si theluji. Nilimwambia Warde kuhusu wewe tangu barua yako ya kwanza. Hakusema hapana. Alinyamaza, na kila jioni nilirudi nyumbani nikamkuta amenyamaza hivyo hivyo, na siku moja mama yake alikuwa amekwisha ingia na godoro. Mimi ni mtu dhaifu nyumbani kwangu, Bahde. Duniani huna mlango mwingine ila huo wa Denho. Ndiyo maana nilimwandikia. Sikutaka kukuondolea mzigo wewe, nilitaka kujiondolea mimi.

Nyamaza, uolewe, umlee mtoto. Dhambi iandikwe kwangu.

Lahdo


Qamishli, 21 Septemba 1958

Kaka yangu Lahdo,

Namshukuru Mungu mko hai. Tulisikia redioni habari za Beirut, kila siku nikamsikiliza msemaji kama kwamba atataja jina lako. Mwambie Warde simchukii. Mwambie kwa maneno haya haya, usipambe.

Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha sema. Nilisema Jumatatu baada ya Pentekoste. Labda ungenizuia, sijui.

Siku ya Pentekoste kasisi aliponyunyizia watu maji Seyde alikuwa mikononi mwangu, matone yakampata usoni, akacheka kicheko cha sauti, watu wote wakageuka wakitabasamu. Mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza, "Nani mama yake wa ubatizo?" Nikafungua mdomo, na Saro akajibu kabla yangu, "Mimi." Nilihisi kama mtu aliyenyang'anywa mtoto mbele ya watu, na mimi nimemkabidhi kwa mikono yangu.

Kesho yake nilikwenda karakana. Denho alikuwa anapiga randa mbao za mjohoro. Alikuwa ameanza sanduku, la nguo za mwanamke, lina maua pembeni. Nilijua ni la nani.

"Denho, nilimpokea Seyde mimi. Si mama yako."

Akaendelea kupiga randa mpaka mwisho wa ubao. Akaupuliza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yako. Na mtawa."

"Mtawa hatarudi."

"Hatarudi."

"Ungenyamaza nisingejua mpaka kufa."

"Ndiyo."

"Na wewe ungekaa nami, unajua, kila siku?"

"Ndiyo sababu nimekuja."

Alilitazama lile sanduku. Halafu akaniambia, kwa upole, na afadhali angenitukana, "Ungeniambia kabla sijachonga maua." Akatoka. Hakunisemesha tena msimu wote wa mavuno.

Saro alinisemesha. Alisimama mlangoni kwangu akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Nilikupa nyumba na mume na mtoto kwenye sinia moja, ukavitupa jalalani! Unamwonyesha nani utakatifu?" Akamchukua Seyde. Aliajiri binti wa jirani kumwosha. Nilikuwa namsikia mtoto akilia ng'ambo ya ua, kilio kile ninachojua maana yake, kwamba nepi imebana upande wa kushoto, na sikuruhusiwa kuvuka. Kwenye tanuri la mkate wanawake waliniita Bibi Sufuria. Mmoja akasema, "Mwacheni, ameolewa na sufuria ya zabibu." Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Nilidhani nimepoteza vyote viwili, Lahdo. Nilikaa kwenye kijumba changu nikiwaza kwamba nimesema kweli na kweli yenyewe imenitoa nje. Barua yako ikaja, ikasema hata huko hakuna mlango. Siku ile sikuoka mkate.

Jumatatu iliyopita Saro aliingia bila kubisha. Alikuwa na sinia ya shaba mkononi, ameibana kwapani kwa sababu ya vidole vyake.

"Denho anaoa," akasema. "Kasisi ameturuhusu kabla ya mwaka kuisha, kwa ajili ya mtoto. Ni Rihane, binti wa msaga nafaka wa Amuda. Anacheka kama punda lakini ana afya."

"Mungu awabariki."

"Hina inapelekwa Jumamosi alasiri."

"Vema."

"Hina hubebwa na dada wa bwana harusi."

Nikaitazama ile sinia.

"Denho hana dada mwingine," akasema Saro. "Usinifanye nirudie, goti linauma." Akaiweka sinia kitandani kwangu. Mlangoni akageuka. "Na kesho asubuhi njoo umchukue mtoto. Yule binti wa jirani anamfunga kama gunia la vitunguu."

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Niliikanda ile hina, nikaipamba kwa karanga na mishumaa kama inavyotakiwa, na kuna wakati ilibidi niache kukanda nikaegemee ukuta. Denho alipita uani akaniona. Alisimama. Aliniambia, "Dada, sinia si nzito?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na sauti yake ilikwaruza kwenye neno lile kama kiatu kipya. Nikamwambia si nzito.

Tulikwenda Amuda kwenye lori la msaga nafaka, na ngoma, na Saro amekaa mbele na dereva akimfundisha kuendesha. Niliibeba sinia kichwani kutoka barabarani mpaka mlangoni, wanawake wakipiga vigelegele. Rihane ni msichana mnene mwenye macho mazuri. Kweli anacheka kwa nguvu. Nilipoinama kuchota hina nimpake, shangazi yake akanishika mkono.

"Ngoja. Huyu amevaa nyeusi. Huyu ni mjane."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Mjane hagusi hina ya bibi harusi. Mnataka kutuletea mkosi?"

Ngoma ikasimama. Kila mtu alikuwa ananitazama, na nilikuwa tayari kurudi mlangoni. Miguu yangu yenyewe iligeuka. Saro akainuka kutoka kwenye mto wake, polepole, akijishikilia kwa ukuta.

"Mjane ni kwa marehemu mumewe, Mungu amrehemu," akasema. "Kwetu ni dada wa bwana harusi. Ndiye aliyempokea mjukuu wangu majini, mimi nilikuwapo, nilimwona kwa macho haya. Kama mkono wake ni mkosi, basi na mjukuu wangu ni mkosi, na mwanangu, na mimi, na lori tunaligeuza sasa hivi."

Alisema hivyo, Lahdo, mbele ya watu wote, yeye aliyeniomba nifunge mdomo.

Shangazi alikuwa bado amenishika. Rihane ndiye aliyenyoosha kiganja chake, akakiweka juu ya goti langu. "Mpake, wifi," akasema, "mikono inachoka." Nikampaka. Walipomaliza wao, desturi inataka ndugu wa bwana harusi naye apakwe, na nikaficha mkono, tangu Malke afe sijajipaka kitu. Saro akauvuta akaukandamiza kwenye sinia mwenyewe, kwa vile vidole vyake visivyokunjuka, vibaya, imepakaa mpaka kwenye kifundo.

Kwa hiyo usinitafutie mlango mwingine. Dhambi uliyotaka iandikwe kwako haipo, lala. Siku nyingine usiku si mzuri kwangu, na harusi itakapopita sitaki mtu aniulize chochote kwa siku chache. Lakini Seyde yuko hapa magotini ninapoandika, na mkono wangu wa kushoto umefungwa kitambaa, hina haijakauka, naye anakivuta ajue ndani kuna nini. Karatasi ninaibana kwa kiwiko. Ndiyo maana mistari imepanda.

Dada yako, na dada wa Denho,
Bahde